Kila Mtoto Asome Kabla Hajamaliza Mwaka wa Tatu: Wito kwa Watu wa Kolwezi na Lualaba

Ndugu zangu wa Dilala na Manika, wa Kapata, Luilu, Musonoi, Kanina na Kasulo. Baba na mama zangu wa Fungurume, Lubudi, Mutshatsha, Dilolo, Sandoa na Kapanga, nina ombi moja. Tukubaliane, jimbo zima, kwamba mtoto hatamaliza mwaka wa tatu wa shule ya msingi bila kuweza kusoma ukurasa mmoja na kutueleza kwa maneno yake mwenyewe amesoma nini. Tukishakubaliana, tugawane kazi.

Wako watakaosema ombi hili ni dogo mno. Jimbo linalotoa kobalti ya simu na magari ya dunia nzima, watasema, lingetamani mainjinia na madaktari. Nami nawatamani mainjinia na madaktari hao. Ila hakuna hata mmoja atakayefika huko akiwa amekwama kwenye silabi. Wengine, hasa walimu wanaosimama kila asubuhi mbele ya watoto 90, watasema ombi ni kubwa mno. Hao nawaheshimu, na sehemu kubwa ya maneno haya inahusu namna ya kuwapunguzia mzigo.

Mlango ulifunguliwa, kusoma bado

Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma. Kwa miaka 13 maneno hayo yalikaa kwenye karatasi. Mzazi wa Kolwezi aliendelea kulipa minervali, yaani ada ya shule, akalipa pesa ya kumtia mwalimu moyo, akalipa karatasi za mtihani. Aliyeshindwa, mtoto wake aliitwa jina mbele ya wenzake akarudishwa nyumbani. Septemba 2019 ndipo Serikali ilipoanza kutekeleza elimu bure, na watoto wakaja kwa wingi: aliyekuwa akiuza maji barabarani, msichana aliyebakizwa nyumbani ili kaka yake alipiwe, kijana wa miaka 11 ambaye hajawahi kushika kalamu. Tusilidharau jambo hilo. Wapo watoto katika mji huu ambao wangekuwa bado wanachungulia shule dirishani.

Lakini benchi la watoto wawili likawa la wanne. Vitabu havikuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Mwalimu aliyezoea kupita kati ya mistari akitazama madaftari hana tena pa kupita. Benki ya Dunia inakadiria kwamba, kati ya watoto 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10, 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima. Basi tujipendelee: tuseme Kolwezi wasomaji ni mara 10 ya hao watatu wanaobaki. Hata hivyo watoto 70 kati ya 100 wangebaki hawasomi.

Na watoto hao wanapanda darasa. Wanapewa buletini, wanapigwa picha na wazazi mwezi wa saba, wanarudi Septemba kwenye darasa la juu zaidi wakiwa na shida ileile. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP, unawakuta mwisho wa mwaka wa sita. Wakati huo wengine wana miaka 13 au 14, wameshachoka kuaibika, na njia ya kwenda shimoni kuchimba madini wanaijua. Mtihani unaokuja baada ya miaka sita unaweza kutuambia nani amekosa. Kumsaidia umechelewa.

Tulikuwa na shule nzuri, zikaanguka

Kolwezi ni mji uliozaliwa na mgodi. Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha mwaka 1937, na pamoja na kambi za wafanyakazi zikaja shule zilizoendeshwa na wamisionari Wakatoliki. Kampuni ilipotaifishwa, ikawa baadaye Gécamines, shule zake ziliheshimiwa Katanga nzima. Wazee wetu bado wanazisimulia: daftari lilikuwepo, mwalimu alilipwa, mkaguzi alipita, na mtoto asiyefika shuleni aliulizwa yuko wapi.

Tuzikumbuke kwa shukrani, ila tusizipambe. Zilikuwa kwanza za watoto wa wafanyakazi. Mtoto wa mkulima wa Mutshatsha hakuwamo katika hesabu ile. Tena zilisimama juu ya kampuni moja tu. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji wa Gécamines, ambao katika miaka ya 1980 ulipita tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ulishuka hadi chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mishahara ikacheleweshwa kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba aliyekuwa na namba ya kazi akawa mchimbaji wa mkono, na mwanawe akamfuata. Mwaka 2014 kobalti ikapatikana chini ya nyumba za Kasulo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, hatua chache kutoka jikoni.

Funzo lake ni hili: ubora wa shule ulioletwa na mwajiri huondoka na mwajiri. Safari hii ubora uwe wetu. Uwe jambo ambalo mama wa Kanina analijua kwa kichwa na anaweza kulidai, awe waziri nani, iwe kampuni gani inachimba, bei ya kobalti ipande au ishuke.

Kipimo ambacho kila mzazi atakielewa

Hatuna haja ya kutunga programu mpya. Programu ya taifa ya shule ya msingi ipo, na inasema wazi mtoto anapaswa kujua nini kila mwaka. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 ipo. Wakaguzi wapo. Kinachokosekana ni kipimo chepesi kinachofanyika mapema, na ambacho mzazi asiyejua Kifaransa anakielewa.

Watu wa mji huu hawaogopi kupima. Katika depo za Musompo hakuna gunia la madini linalonunuliwa kwa macho. Mnunuzi anaweka Metorex, mashine inasoma kiwango, na mchimbaji anayehisi ameibiwa analibeba gunia lake hadi depo nyingine lipimwe upya. Gunia linapimwa mara mbili kwa siku moja. Mtoto anasubiri miaka sita. Buletini inasema asilimia 60, tunafurahi, na hatuulizi ni asilimia 60 ya nini.

Majirani zetu walishatafuta njia. Mpango uitwao Uwezo, ulioanzishwa 2009, ulipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, wakiwa na karatasi zenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto anakaa chini, anasoma, na mzazi anasikia kwa masikio yake. Haihitaji kompyuta. Haihitaji shahada ya ualimu. Kinachotakiwa ni karatasi, dakika chache, na ukweli.

Basi tufanye hivyo hapa. Kila Oktoba, watoto wakishatulia baada ya kufungua shule, kila mtoto wa mwaka wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano asome mbele ya mtu mzima asiye mwalimu wake. Mwezi wa tano asome tena. Majibu yaandikwe kwa makundi matano: bado hajui herufi, anajua herufi, anasoma maneno, anasoma aya, anasoma hadithi na kuelewa. Hesabu ya shule ibandikwe ukutani kwa namba tu, bila majina. Matokeo ya mtoto wangu mimi niambiwe pembeni. Na shule isilinganishwe na ya jirani ili kuaibishwa. Ilinganishwe na yenyewe, Oktoba na mwezi wa tano. Shule ya Kasulo iliyopokea watoto 300 wapya haiwezi kushindana na shule ya kulipia yenye watoto 25 kwa darasa, lakini inaweza kutuonyesha wangapi wametoka kwenye herufi wakafika kwenye aya.

Wasome lugha gani? Sheria ya 2014 imezipa lugha za taifa, na lugha za mahali, nafasi ya kuwa lugha za kufundishia. Kwa watoto wa mjini lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa mtoto wa Kapanga anayeongea Kiruund nyumbani, au wa Dilolo anayeongea Kichokwe, iwe lugha anayoielewa. Najua wazazi wengi wana wasiwasi: tukianza na Kiswahili, je, Kifaransa kitachelewa? Wasiwasi huo ni wa haki, maana ofisi na migodi inaajiri kwa Kifaransa. Lakini mtoto anajifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishajua kwamba alama zile zinabeba sauti, na sauti zinabeba maana, anauchukua ujuzi huo hadi kwenye Kifaransa. Anayeanza kwa lugha asiyoielewa hujifunza kuimba ukurasa. Anaweza kuusoma wote kwa sauti nzuri usijue kwamba hakuelewa neno. Wangapi kati yetu tulisoma hivyo!

Kupima peke yake hakutoshi

Mtoto akipimwa, akakutwa hajui herufi, kisha akaachwa palepale, tumemwongezea aibu bure. Kwa hiyo ahadi ya pili inaenda pamoja na ya kwanza: kila aliyebaki nyuma apewe msaada shuleni humohumo, ndani ya wiki chache.

Jirani yetu Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, alianza mwaka 2016 na shule 80 mpango unaoitwa Catch Up, ulioazima njia ya shirika la Pratham la India. Kwa saa moja kila siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanaacha madarasa yao na kupangwa kwa uwezo. Asiyejua herufi anakaa na wasiojua herufi, awe na miaka 8 au 12, na wanacheza na herufi, wanaimba, wanaandika mchangani. Anayesoma maneno anaenda kwa wenzake wa maneno. Baada ya wiki kadhaa wanapimwa tena na kuhamishwa. Saa zote zinazobaki, masomo yanaendelea kama kawaida.

Njia hii inafaa sana kwa shule zetu zenye watoto wengi, kwa sababu haimtaki mwalimu mmoja afundishe viwango vitano kwa wakati mmoja. Inawezekana hata pale shule inapogawanyika zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Kinachohitajika ni mikono zaidi kwa saa hiyo moja. Mikono tunayo. Mitaa yetu imejaa vijana wenye diploma ya Serikali wanaosubiri kazi, wanaoendesha pikipiki au kukaa kwenye vibaraza. Kijana aliyemaliza sekondari akifunzwa kwa siku chache na kupewa posho ya heshima, anaweza kuongoza kundi la herufi akisimamiwa na mwalimu.

Kenya nayo ina la kutufundisha. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 na kufika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Kitabu kimoja kwa mtoto mmoja, si kwa benchi zima. Tena maafisa wa elimu walianza kuingia darasani kumtazama mwalimu anavyofundisha kusoma, kisha wakakaa naye kumshauri. Wakaguzi wetu wanajua kazi hiyo. Wengi wangeifanya kwa furaha kama wangepata mafuta ya pikipiki ya kuwafikisha Lubudi au Sandoa, na kama tungeacha kuwapokea kama polisi.

Njaa nayo ni somo. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula hawezi kushika silabi saa nne asubuhi. Kikombe cha uji wa mahindi wenye karanga, ukipikwa na akina mama wa shule kwa zamu, si jambo la ajabu. Katika jimbo linalokula bukari kila siku, unga wa uji unaweza kununuliwa kwa wakulima wetu wenyewe wa Lualaba, na pesa ikabaki vijijini.

Halafu kuna utoro. Mtoto haachi shule siku moja. Anaanza kukosa Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne, kisha haonekani. Komite ya wazazi, COPA, ikiwa na mama wawili kwa kila mtaa wa kumtembelea aliyekosekana siku tatu, wengi watarudi kabla hawajapotea. Wasichana waangaliwe zaidi, kwa maana wao wanapotea kimyakimya: mmoja amebakizwa na mtoto mchanga, mwingine anaosha madini mtoni na shangazi yake.

Watoto walio shimoni

Lazima tulizungumze hili bila kutafuta wa kumtupia aibu. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria watoto 40,000 wakifanya kazi kwenye migodi ya kusini mwa Kongo. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 iliwafanya wanunuzi wa ng'ambo washtuke. Sisi hatukuhitaji ripoti. Ni watoto wetu. Tunajua pia kwamba pesa anayoleta mtoto jioni, ingawa ni kidogo, ndiyo inayonunua unga. Mzazi huyo tusimtukane. Tumpe njia.

Njia zipo na tuzikuze. Vipo vituo vya kufidia masomo, ambavyo hufundisha miaka sita ya shule ya msingi kwa miaka mitatu, kwa watoto waliochelewa. Masista wa Bon Pasteur, waliofika Kolwezi mwaka 2012, wamekuwa wakiwafundisha kusoma watoto wa Kanina waliotoka migodini, huku wakiwasaidia mama zao kupata riziki nyingine. Mradi wa PABEA-Cobalt, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga watoto 14,850 wa Haut-Katanga na Lualaba, na ukawagusa pia wazazi wao kwa kilimo na ufugaji. Kazi hizi mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: mtoto hatoki shimoni kwa kufukuzwa na askari. Anatoka pale nyumbani panapopata kipato, na shuleni anapopata kiti kinacholingana na kiwango chake. Kijana wa miaka 12 ukimketisha na wa miaka 6, keshokutwa amerudi mgodini. Mweke kwenye kundi la wenzake wanaojifunza herufi kwa kasi, atakaa.

Mwalimu tusimwache peke yake

Hakuna kipimo wala msaada utakaofanya kazi ikiwa mwalimu amevunjika moyo. Elimu bure ilipokuja, pesa ya wazazi iliondoka, lakini mshahara wa Serikali haukumfikia kila mtu. Hadi leo tuna walimu tunaowaita NU, vitengo vipya, wanaofundisha huku majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo ya DINACOPE, idara ya Serikali inayoandaa mishahara ya walimu. Mtu huyo anaamka, anavaa shati safi, anatembea hadi shuleni na kuwafundisha wanetu. Mwisho wa mwezi hana kitu.

Nawaomba wakubwa wa elimu wa jimbo letu: orodha ya walimu wa NU, shule kwa shule, iwe wazi kwa komite za wazazi, pamoja na tarehe faili la kila mmoja lilipopelekwa. Faili linalojulikana na watu wengi halipotei kirahisi. Nanyi walimu, nawaomba kwa heshima: kipimo cha kusoma msikione kama mtego. Kikitumika vizuri kitakuwa shahidi wenu. Kitaonyesha kwamba watoto 110 wasio na vitabu hawawezi kufikishwa kwenye aya na mtu mmoja, hata awe hodari vipi, na kitawapa wazazi sababu ya kwenda ofisini kudai mwalimu wa pili.

Pesa ipo, na sheria imeitaja

Mtu akikuambia hakuna pesa katika Lualaba, mpe kiti, mzungumze polepole. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, kama vile komini za Dilala na Manika au sekta ya Luilu, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo vyenyewe tayari vimekaa wanne kwenye benchi.

Zaidi ya mrabaha, kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii inayoizunguka. Kampuni inayouza madini ya dola bilioni 1 inatakiwa kutoa dola milioni 3 kila mwaka, na katika jimbo letu zipo zinazouza zaidi ya hapo. Pesa hiyo inasimamiwa na chombo ambacho jamii ina wajumbe wake ndani. Pia kuna mkataba wa majukumu ambao kampuni inauandika pamoja na jamii kwa miaka mitano mitano.

Tukiulizwa tunataka nini, tumezoea kusema: shule. Na shule inajengwa. Ina kuta nzuri, bati jipya, kibao chenye jina la kampuni, na siku ya uzinduzi tunacheza ngoma. Majengo tunayahitaji, watoto wasisomee chini ya mti wakati wa mvua. Lakini ukuta haufundishi. Ndani ya jengo lile jipya, bila vitabu na bila mwalimu anayelipwa, mtoto hasomi vizuri kuliko alivyosoma kwenye jengo la zamani. Basi mkataba ujao ukija mezani, wajumbe wetu waseme: jengo moja pungufu, na badala yake vitabu vya Kiswahili vya mwaka wa kwanza hadi wa tatu kwa kila mtoto, posho za vijana wa saa ya kusoma, uji, na mafuta ya mkaguzi, kwa miaka yote mitano. Na tuweke sharti ambalo kampuni inalielewa vizuri: kila mwaka tuonyeshane namba za Oktoba na za mwezi wa tano.

Nani afanye nini

Wazazi: usiku wa leo mpe mtoto wako kitu chochote chenye maandishi ya Kiswahili, kalenda, kipande cha gazeti, Biblia au kitabu cha dini yako, na umwombe akusomee. Kama wewe mwenyewe hukusoma, mwite mtoto wa jirani aliyeko sekondari awe shahidi. Usimpige akishindwa. Nenda umwone mwalimu, ukaulize mtafanya nini pamoja.

Komite za wazazi: mlichaguliwa kwa zaidi ya kukusanya michango. Hesabu za shule mnayo haki ya kuziona. Ombeni pia hesabu ya wanaosoma.

Walimu wakuu: saa moja kwa siku, wiki kumi kwanza, makundi matano. Jaribuni kabla hamjaambiwa na Kinshasa.

Maparoko, wachungaji na maimamu: sehemu kubwa ya shule zetu ni za mkataba kati ya madhehebu na Serikali, na sauti zenu zinasikika kila wiki. Fungueni kumbi zenu mchana kwa makundi ya kusoma. Jumapili au Ijumaa moja kwa mwezi, mtoto na asome tangazo mbele ya waumini.

Machifu na wakuu wa mitaa: mtoto anayeonekana mgodini saa tatu asubuhi, mzazi wake aitwe kwa upole, asaidiwe kabla hajahukumiwa.

Wenye depo: msinunue gunia lililobebwa na mtoto. Hapa sina njia laini ya kulisema.

Kampuni: mnapochapisha ripoti zenu za huduma kwa jamii, acheni kuhesabu vyumba vya madarasa peke yake. Tuambieni watoto wangapi katika shule mlizojenga wanasoma.

Na ninyi watoto wa Kolwezi mlioko Lubumbashi, Kinshasa, Ndola, Johannesburg au Brussels: kitabu kimoja cha hadithi za Kiswahili kwa kila mwezi mtakaotuma pesa nyumbani. Kurasa zitachakaa kwa kushikwa, na hiyo ni habari njema.

Hatuwezi kufanya yote katika mwaka mmoja. Kwa hiyo tuanze na tunayoweza Oktoba hii. Katika mkutano wa kwanza wa komite ya wazazi wa shule ya mtoto wako, simama uulize maswali matatu: watoto wangapi wa mwaka wa tatu wanaweza kusoma ukurasa na kuuelewa? Wasioweza watasaidiwa na nani, saa ngapi? Pesa ya madini iliyofika komini yetu mwaka huu imenunua vitabu vingapi? Ukijibiwa, andika majibu na tarehe. Usipojibiwa, usigombane, omba maswali yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha uyaulize tena mkutano unaofuata, ukiwa umeongozana na majirani kumi.